Umehamia Mastodon na mambo hayaendi: dalili, sababu na namna ya kurekebisha

Mwongozo huu ni wa mtu aliyekwisha kufungua akaunti Mastodon baada ya miaka mingi ya X au Facebook, kisha akakwama. Mjadala wa kama kuhama kuna faida hatuufungui hapa. Tumeichukua Mastodon kwa kuwa ndiyo mlango wanaoupitia wengi, lakini sehemu kubwa inahusu pia Pixelfed, GoToSocial na programu nyingine zinazotumia itifaki ya ActivityPub (kanuni ambazo seva hutumia kuzungumza), ambayo W3C, shirika la viwango vya wavuti, iliipitisha kuwa kiwango rasmi Januari 2018.

Kabla hujagusa mpangilio wowote, shika jambo moja, maana karibu kila dalili hapa chini inatokana nalo. X ina ghala moja na watu wote wanasoma humo. Huku kuna maelfu ya seva, na kila seva ina ghala lake. Seva yako inajua yale tu iliyotumiwa au iliyokwenda kuyaomba. Kwa hiyo swali la kwanza siku zote ni: tatizo liko kwenye mipangilio yangu, kwenye seva yangu, au kwenye seva ya mwenzangu? Kupambanua si kazi. Fungua wasifu au chapisho lenye tatizo kwa kivinjari, kwenye seva yake ya asili, bila kuingia kwa akaunti yako. Likionekana sawa kule na kwako halionekani, shida iko upande wako au njiani kati ya seva mbili. Lisipoonekana hata kule, huna la kurekebisha, mwambie mwenyewe.

Menyu za Mastodon hazijatafsiriwa zote kwa Kiswahili, kwa hiyo tunatoa anwani badala ya majina ya vitufe. Tukiandika /settings/export, fungua kivinjari, andika jina la seva yako, kisha ubandike hayo mwishoni. Usihangaike kutafuta ndani ya programu ya simu. Mipangilio mingi ya ndani haimo humo.

Barua ya kuthibitisha akaunti haifiki

Angalia kwanza kwenye barua taka. Ukikosa, nenda /auth/confirmation/new uombe nyingine. Seva ndogo hutuma barua kutoka domeni ambazo Gmail na wenzake hawajazizoea, na barua hizo huishia kwenye taka au hukataliwa mlangoni. Kama ulikosea herufi ulipoandika anwani yako, ingia ujaribu kuisahihisha kwenye /auth/setup. Imeshindikana? Mtafute msimamizi, mawasiliano yake yako /about.

Ikiwa umethibitisha na bado huingii, huenda seva inapitia maombi kwa mkono. Kuna mtu anasoma ile sababu uliyoiandika. Aliyeandika "nataka kujiunga" hatofautiani na roboti. Sentensi mbili za kweli kuhusu unachoandika na lugha unayotumia zinatosha.

Ukurasa wa nyumbani ni mtupu

Hapa hapajaharibika kitu. Hakuna mashine ya kukuchagulia cha kusoma: ukurasa wa nyumbani unaleta watu na alama za reli (maneno yenye #) unazozifuata tu, kwa mpangilio wa saa. Ukifuata watu watatu, utasoma watu watatu. Panga kufikisha watu kama 50 katika wiki ya kwanza, na wachague wanaoandika mara kwa mara. Akaunti nyingi zilifunguliwa kwa hamasa baada ya Elon Musk kununua Twitter Oktoba 2022, zikaachwa.

Tangu toleo 4.0 la Novemba 2022 unaweza kufuata alama ya reli kama unavyomfuata mtu. Fuata #Kiswahili, #Tanzania, #Kenya na zinazohusu kazi yako. Lakini hapa ndipo wengi wanapopotea: alama ya reli inakuletea yale tu yaliyoifikia seva yako. Kwenye seva ya watu 20, #Kiswahili inaweza kunyamaza wiki nzima huku seva kubwa ikipokea machapisho kila siku. Jaribu: fungua mastodon.social/tags/Kiswahili kwa kivinjari, linganisha na unachokiona kwako. Ukiona tofauti kubwa, nakili anwani za waandishi hao, zitafute kwenye seva yako, uwafuate. Kuanzia hapo seva yako itapokea kila wanachokiandika hadharani, na wenzako wote wa seva hiyo watafaidika.

Ule ukurasa wa seva nzima nao unategemea majirani zako. Ukijiandikisha kwenye seva ya Kijerumani utajaa Kijerumani. Hilo halirekebishwi kwa mipangilio. Unahama seva, au unaupuuza. Sisi tungeupuuza. Watu wamezoea kuamini kwamba seva ndiyo inayoamua utasoma nini, na kwa kiasi kikubwa si hivyo.

Wasifu wa mtu unaonyesha machapisho mawili, na majibu mengine hayaonekani

Seva yako ilianza kupokea machapisho yake siku mtu wa kwanza hapo alipomfuata. Ya nyuma haikuyachukua. Orodha ya wafuasi wake nayo mara nyingi si kamili, kwa kuwa seva yako haiwajui wote. Ukitaka kusoma ya zamani, fungua wasifu wake kwenye seva yake. Ukitaka kujibu chapisho moja la zamani, nakili kiungo chake chote, kibandike kwenye kisanduku cha kutafuta cha seva yako, ubonyeze kutafuta. Seva italiomba na utalijibu kama kawaida. Hii ni mbinu ndogo inayotatua nusu ya malalamiko.

Majibu yaliyopungua kwenye mjadala yana asili hiyo pia. Toleo 4.5 la mwaka 2025 limeanza kuyafuata majibu kutoka seva nyingine lenyewe. Kama seva yako bado iko kwenye toleo la chini (namba imeandikwa mwishoni mwa ukurasa), kuwa na desturi ya kufungua mjadala kwenye seva ya aliyeuanzisha kabla ya kujibu. Vinginevyo utaandika jibu ambalo watu tisa wameshaliandika.

Naandika, hakuna anayeona

Dalili hii ina sababu nyingi. Zipitie kwa mpangilio huu, maana za mwanzo ndizo za kawaida.

Kwanza, nyota haisambazi. Mtu akibonyeza nyota, mwandishi anapata taarifa na habari inaishia hapo. Kinachosambaza chapisho ni mishale miwili inayozunguka. Waliotoka Facebook hubonyezeana nyota mwezi mzima kisha wanashangaa mbona hawakui. Kundi linalohama pamoja likubaliane tangu siku ya kwanza: kilichokufaa, kisambaze.

Pili, angalia kiwango cha uonekano. Kuna viwango vinne: wazi kwa wote, wazi lakini kimya, kwa wafuasi tu, na kwa waliotajwa tu. Chapisho la kiwango cha pili linasomeka na yeyote mwenye kiungo, lakini haliingii kwenye kurasa za alama za reli wala kwenye yanayovuma. Ukikuta picha ndogo karibu na saa ya chapisho si ya dunia, umejifungia mwenyewe. Badilisha chaguo-msingi kwenye mipangilio ya uandishi.

Tatu, alama ya reli imekatika. Kiswahili kina mtego wake hapa: alama ya ritifaa inakata neno. Ukiandika #Ng'ombe, mashine inasoma #Ng na inayofuata inabaki maandishi matupu. Andika #Ngombe. Nafasi na kistari navyo vinakata, na namba peke yake haikubaliwi, kwa hiyo #2025 haifanyi kazi ila #Uchaguzi2025 inafanya. Maneno yakiungana, anza kila moja kwa herufi kubwa, #HabariZaShamba, ili programu za kuwasomea wasioona ziyatenganishe.

Nne, hujaruhusu kutafutwa. Tangu toleo 4.2 la Septemba 2023, kutafuta maneno ndani ya machapisho ya wengine kunawezekana, ila kwa mwandishi aliyekubali tu. Nenda /settings/privacy, weka tiki kwenye kugunduliwa na kwenye kutafutwa kwa machapisho. Hata hivyo, seva inahitaji Elasticsearch, programu ya kutafutia maneno, na seva ndogo nyingi haziiwashi kwa sababu inakula kumbukumbu. Ndiyo maana ukitafuta neno "maharage" huenda usipate kitu, lakini #Maharage ikaleta. Tumia alama za reli kama ulivyokuwa unatumia kisanduku cha kutafuta.

Tano, seva yako imewekewa mipaka na nyingine. Msimamizi anaweza kuizuia seva nzima kabisa, au kuipunguza sauti ili watu wake waonekane kwa wanaowafuata tu. Dalili ni kwamba marafiki wa seva fulani wote, si mmoja, hawakuoni. Fungua /about ya seva yao. Wengi huorodhesha hapo walizozizuia na sababu. Ukiikuta ya kwako, ongea na msimamizi wako. Asipokuwa na jibu la maana, hama mapema kabla wafuasi hawajawa wengi.

Machapisho ya Kiswahili hayatokei, au kitufe cha tafsiri hakipo

Kila chapisho lina lebo ya lugha, na kawaida lebo hiyo hufuata lugha ya programu. Simu nyingi za kwetu zimewekwa kwa Kiingereza, kwa hiyo watu wanaandika Kiswahili chenye lebo ya Kiingereza. Matokeo yake anayechuja lugha haoni alichokitaka, na kitufe cha tafsiri hakitokei kwa sababu mashine inaamini maandishi yako tayari ni Kiingereza. Unapoandika, bonyeza kitufe cha lugha kwenye kisanduku cha kuandikia, chagua Kiswahili. Mipangilio ya uandishi inakuruhusu kuifanya iwe chaguo la kudumu.

Upande wa msomaji, nenda /settings/preferences/other. Ukiacha lugha zote bila tiki, unapata zote. Ukiweka tiki kwenye Kiingereza pekee, umefuta Kiswahili kwenye kurasa za wazi. Uchujaji huu haugusi ukurasa wa nyumbani; kule kuna kichujio kingine, kilichoko kwenye menyu ya nukta tatu ya wasifu wa kila unayemfuata. Mtu mmoja akipotea nusunusu, yaani unaona machapisho yake ya Kiingereza tu, tazama hapo.

Jambo la lugha linagusa usalama pia. Wasimamizi wa seva nyingi hawajui Kiswahili. Unaporipoti matusi au vitisho, andika ndani ya ripoti maana yake kwa lugha ya seva hiyo, na weka tiki ya kuipeleka ripoti kwenye seva ya mkosaji. Ripoti isiyo na maelezo juu ya sentensi ya Kiswahili hufungwa bila hatua, si kwa ubaya, bali kwa kuwa aliyeipokea haoni kosa.

Nikibonyeza kufuata, naambiwa niingie upya

Umetoka nje ya seva yako bila kujua. Ulibonyeza kiungo ukafika kwenye seva ya mtu, na kule hawakujui. Nakili anwani yake kamili, yaani @jina@seva, urudi kwako, uitafute, umfuate. Hivyohivyo unapomtaja: @jina pekee ni mtu wa seva yako, na anaweza kuwa mtu mwingine kabisa.

Ombi likikaa muda mrefu bila kukubaliwa, ama akaunti yake inataka kuidhinisha kwa mkono, ama seva yake ilikuwa chini ombi lilipotumwa. Baada ya siku moja ondoa ombi, tuma tena.

Marafiki wa X na Facebook siwapati

Zilikuwepo zana za kulinganisha orodha yako ya Twitter na akaunti za Mastodon. Zilikufa 2023 kampuni ilipofunga njia ya bure ya kuchukua data. Mwongozo wowote unaokuelekeza kwenye Debirdify au Movetodon umepitwa. Kumbukumbu ya data unayoiomba X haitakuokoa sana: faili la unaowafuata lina namba za akaunti, halina majina. Kazi iliyobaki ni ya mkono. Pitia wasifu wa wale unaowajali kweli ukitafuta kitu chenye umbo la @jina@seva.

Fanya na upande wa pili: weka anwani yako mpya kwenye wasifu wa X na kwenye chapisho lililobandikwa juu, kisha iache akaunti ikae. Usiifute. Baada ya siku 30 za kuzimwa inaondoka, na jina lako linaweza kuchukuliwa na mwingine ambaye watu watadhani ni wewe. Kumbuka pia kwamba X imezuiwa Tanzania tangu Mei 2025 na Facebook imezuiwa Uganda tangu Januari 2021, kwa hiyo bango ulilolitundika kule haliwafikii wote. Anwani hiyo itume pia kwa WhatsApp na kwa barua pepe.

Machapisho yako ya zamani hayaingii Mastodon. Hakuna mahali pa kuyapakia. Picha za Instagram zina nafuu kidogo: Pixelfed inaweza kuziingiza, mradi msimamizi ameruhusu na wewe uliomba data kwa muundo wa JSON. Ukiomba HTML utaletewa kurasa nzuri za kutazama ambazo Pixelfed haiwezi kuzisoma, na itabidi uombe upya.

Kama wenzako wameangukia Bluesky, huko kunatumika itifaki nyingine, lakini kuna daraja liitwalo Bridgy Fed. Weka picha ya wasifu kwanza, maana akaunti isiyo na picha hukataliwa. Kisha tafuta @bsky.brid.gy@bsky.brid.gy na uifuate. Nayo itakufuata, na utaonekana kule kwa jina linalounganisha jina lako, seva yako na ap.brid.gy. Machapisho yanayovuka ni yale ya baada ya hapo. Ukijibiwa na huoni jibu, sababu ni kwamba mwenzako wa Bluesky naye hajafuata @ap.brid.gy. Wa Threads wanatafutwa kwa @jina@threads.net, lakini wao lazima wawe wamewasha kushiriki kwenye mipangilio yao, na seva yako isiwe imeizuia Meta. Seva nyingi zimeizuia kwa makusudi. Soma /about kabla hujalaumu simu.

Ujumbe wa faragha umesomwa na asiyehusika

Hili ndilo kosa linaloumiza zaidi. Kinachofanana na inboksi humu ni chapisho la kawaida lililofungwa kwa waliotajwa. Ukiwa unamteta Juma kwa Asha na ukaandika anwani ya Juma pamoja na ile alama ya @, Juma amealikwa kwenye mazungumzo na ameusoma ujumbe. Ondoa @ unapomtaja mtu. Ukishatuma, kufuta kunasaidia kidogo tu: seva ya Juma huombwa ifute, lakini taarifa huenda imeshatua kwenye simu yake.

Pia ujumbe haujasimbwa kutoka mwanzo hadi mwisho. Wasimamizi wa seva zote mbili wanaweza kuusoma kwenye hifadhidata. Namba za vitambulisho, nywila na mambo ya hospitali yapelekwe kwa Signal.

Arifa zinachelewa, bando linaisha

Programu rasmi ya Android kwa kawaida hutegemea huduma za Google kupokea arifa. Tusky, programu nyingine ya Mastodon kwa Android, hutumia UnifiedPush (njia ya arifa isiyo ya Google) kama umeweka programu ya kuzisambaza. Bila hivyo inauliza seva kila baada ya dakika 15 hivi, kwa hiyo ucheleweshaji wa kiasi hicho si ugonjwa. Ugonjwa ni pale arifa zinapokuja zote kwa mkupuo unapofungua programu. Kwenye Tecno, Infinix na itel mshukiwa ni kibana-betri cha simu, ambacho huua programu zilizoko nyuma. Ingia mipangilio ya betri, toa kizuizi kwa programu hiyo, kisha kwenye Phone Master iruhusu ijiwashe yenyewe.

Kuhusu bando, zima picha zinazocheza zenyewe na chagua media zote zifichwe mpaka uzibonyeze. Kwenye Tusky zima kupakua picha ndogo za onyesho la awali. Video ikigoma kupanda, tazama ukubwa: kwa chaguo-msingi Mastodon inakubali picha hadi MB 16 na video hadi MB 99, na msimamizi anaweza kubana zaidi. Ikipanda lakini ukaambiwa bado inachakatwa, subiri dakika moja ubonyeze tena. Usiipakie upya, utalipa bando mara mbili.

Wasifu hauthibitiki kwa kijani

Hakuna alama ya kununua. Unathibitisha kwamba tovuti fulani ni yako: weka kiungo chake kwenye moja ya visanduku vya wasifu, kisha kwenye tovuti hiyo weka kiungo cha kurudi chenye rel="me". Msimbo tayari uko /settings/verification. Isipogeuka kijani, hakikisha tovuti ina https, kiungo kipo kwenye ukurasa wenyewe badala ya kuletwa baadaye na JavaScript, na umehifadhi wasifu upya baada ya kukiweka. Bila kuhifadhi tena, seva haiendi kukagua.

Seva yangu haifunguki, au imetangaza kufunga

Kwanza tofautisha. Ijaribu kwa data ya simu na kwa Wi-Fi. Ikifunguka kwa moja na si nyingine, tatizo ni la mtoa intaneti. Ikiwa intaneti nzima imezimwa, kama ilivyokuwa Tanzania kuanzia siku ya uchaguzi, Oktoba 29, 2025, hakuna mtandao wa kijamii wa aina yoyote utakaokufaa, na mtu asikudanganye kwamba ugatuzi unatibu hilo.

Seva hufa kweli. Mastodon.lol ilifungwa 2023 mwenyewe alipochoka na chuki aliyokuwa akitumiwa. Queer.af ilipotea Februari 2024 kwa sababu domeni za .af ziko chini ya serikali ya Taliban. Ndiyo maana tunashauri utazame mambo matatu kabla hujatulia: domeni ni ya nchi gani, nani analipa, na kama seva imo kwenye orodha ya joinmastodon.org, ambako wasimamizi huahidi notisi ya angalau miezi mitatu, nakala rudufu kila siku, na mtu wa pili mwenye funguo.

Kuhama seva hadi seva kuna mpangilio ambao ukiuvuruga haufanyi kazi:

1. Kwenye akaunti ya zamani, /settings/export: pakua faili za CSV za unaowafuata, orodha, uliowazuia na alamisho. Omba pia kumbukumbu kamili. Inaruhusiwa mara moja kila siku 7.
2. Kwenye akaunti mpya, /settings/aliases: ingiza anwani ya zamani. Hatua hii inatangulia.
3. Rudi akaunti ya zamani, /settings/migration: andika anwani mpya na nywila yako ya hapohapo.
4. Kwenye akaunti mpya, /settings/imports: pakia CSV moja baada ya nyingine. Chagua kuunganisha, usichague kufuta yaliyopo.

Ukiambiwa kwenye hatua ya 3 kwamba akaunti mpya haijakutambua, hatua ya 2 haikuhifadhiwa au seva ya zamani inashikilia nakala ya kale ya wasifu wako. Hakikisha, subiri, rudia. Wafuasi huvuka wenyewe bila kubonyeza kitu, lakini si wote: walio kwenye seva zilizokufa au zilizoizuia seva yako mpya wanabaki. Machapisho hayavuki kabisa. Na ukishahama, huwezi kuhama tena kutoka akaunti hiyo kwa siku 30, kwa hiyo usihame kwa hasira.

Wafuasi hawaingizwi kwa faili. Wanavuka tu kama seva ya zamani ingali hai kuwaarifu. Seva ikishakufa ghafla umebaki na CSV zako, kama ulizichukua. Zipakue kila mwisho wa mwezi.

Kwa mwenye seva

Jumuiya ndogo, chama cha wanahabari au kundi la kijiji, haihitaji Mastodon nzima. Mastodon inaendesha PostgreSQL, Redis, Sidekiq na Puma kwa pamoja. Chini ya GB 2 za RAM inakohoa, na GB 4 ndizo za kupumua. GoToSocial ni faili moja, inaridhika na MB 250 hadi 350, na inaweza kutumia SQLite. Haina ukurasa wake wa kusomea, watu wanaingia kwa Tusky au programu nyingine. Kwa watu 30, tungechagua hiyo bila kusita. Chochote utakachochagua, domeni fikiria mara mbili: ikishajulikana na seva nyingine haibadilishwi. Kubadilisha LOCAL_DOMAIN baadaye ni sawa na kuanza upya na kuacha mizimu nyuma.

Machapisho yakichelewa saa nyingi, fungua /sidekiq. Foleni ikiwa ndefu huku CPU imetulia, ongeza nyuzi za Sidekiq na miunganisho ya hifadhidata kwa pamoja. CPU ikiwa imejaa, nyuzi zaidi zitazidisha shida. Ukigawa foleni kwenye michakato kadhaa, ile ya scheduler iwe kwenye mchakato mmoja tu.

Diski ikijaa, PostgreSQL inaweza kusimama na seva nzima ikazimika. Mlaji mkuu ni picha za seva nyingine zilizohifadhiwa kwako. Endesha tootctl media usage uone, kisha tootctl media remove --days 7. Amri hiyo haigusi picha za watu wako. Iweke kwenye cron, au weka muda kwenye mipangilio ya uhifadhi ya msimamizi.

Ukiona seva nyingine zote zinakukatalia kwa kosa la 401, endesha timedatectl. Sahihi za maombi hubeba saa, na saa iliyopotoka inazibatilisha. Ikiwa saa ni sahihi, kagua cheti. Vyeti vya Let's Encrypt vya kawaida vinaisha kwa siku 90, na tangu Juni 2025 hawatumi tena barua ya kukumbusha. Jaribu certbot renew --dry-run leo, kabla havijaisha.

Barua pepe zisipotoka, watoa seva wengi hufunga bandari 25; tumia 587 kupitia huduma ya barua, na uweke rekodi za SPF na DKIM, zinazothibitisha kwamba barua ni za domeni yako. Bila hizo utapata watumiaji wanaolalamika kwa dalili ya kwanza kabisa ya mwongozo huu, na wengi hawatalalamika, wataondoka tu.

Nakala rudufu ni vitu vitatu: pg_dump ya hifadhidata, faili la .env.production lenye siri zote, na folda ya picha za watumiaji. Hifadhidata bila siri hizo hairudishi seva ilivyokuwa: uthibitishaji wa hatua mbili wa watumiaji hautasomeka. Viweke kwa mtoa huduma mwingine, na ujaribu kuvirudisha kwenye mashine tupu angalau mara mbili kwa mwaka. Kadi inayolipia domeni iwe na mtu wa pili anayejua tarehe yake ya kuisha.